Nikiimba mimi darasa linanguruma, akiimba mwenzangu linaimba. Kosa liko wapi?

#1 TichaWaKisauni
Salamu wanajukwaa. Mimi ni ticha, nimemaliza chuo majuzi, nafundisha kwa mkataba wa BOM, yaani bodi ya shule, shule moja huku Kisauni. Nimepewa Gredi ya 2, watoto 58. Hesabu sina shida, Kiswahili sina shida, shida yangu ni wimbo.

Wiki iliyopita kwenye Creative Activities nimefundisha wimbo mfupi wa mistari minne wa kuosha mikono. Nimeandika maneno ubaoni, nikaimba mara moja, nikawaambia haya sasa nyinyi. Wallahi kilichotoka si wimbo. Nusu ya darasa wananguruma chini chini kama jenereta, wengine wanapiga kelele mishipa ya shingo imewatoka, na waliobaki wananitazama mdomo. Mara akaingia mwenzangu wa Gredi ya 3, ni mwanamke, alikuwa amefuata chaki, akausikia, akauimba mara moja tu na darasa zima likamfuata, sauti safi, moja. Mimi nimesimama pale na dasta mkononi.

Chuoni muziki tulisoma, nilifaulu pia. Mistari mitano, majina ya noti, ala za Kiafrika na makundi yake. Lakini hakuna siku hata moja niliyosimama mbele ya watoto nikafundisha wimbo mwanzo hadi mwisho mtu akinitazama na kunirekebisha. Sasa nauliza wenye uzoefu, ni sauti yangu, ni wimbo, ni watoto ama ni mimi nafundisha vibaya? Nataka kujifunza hii kitu kisawasawa maanake naona watoto wanaipenda na mimi nawaharibia.

#2 BintiMwembeTayari
Pole ticha. Labda wanakuogopa tu. Mtoto akiogopa sauti haitoki.

#3 Mzee_wa_Kwaya
Hiyo ni okteva kijana wangu, yaani noti ya jina lile lile lakini ya juu ama ya chini, wala usihangaike. Nimefunza kwaya huku Mikindani miaka mingi na wanaume wote wageni wanaanguka shimo hilo hilo. Sauti ya mwanamume aliyebaleghe iko okteva moja chini ya mwanamke na mtoto. Mwenzako alipoimba, watoto walisikia noti ile ile ambayo koo lao linaweza kuitoa. Wewe ulipoimba walisikia noti ya chini, wenye bidii wakajaribu kuifuata huko huko chini, wakafika mwisho wa sauti yao, ndio huo mngurumo. Na wanaopiga kelele ni wale waliokata tamaa ya kukufuata.

Dawa ni mbili, ama uimbe kwa ile sauti nyembamba ya juu, ama umtafute mtoto mwenye sikio aanze yeye na wewe unyamaze.

#4 Fundi_Spika
Naunga mkono #3 na naongeza namba kidogo maanake kazi yangu ni mitambo ya sauti. Noti D iliyo juu tu ya C ya katikati ya piano ni kama hezi 294, yaani mitetemo 294 kwa sekunde. Mwanamume akiimba D yake ya kawaida ni nusu ya hapo, kama 147. Mtoto wa miaka 7 hiyo 147 hana kwenye koo lake, hata umpe soda mbili. Kuna programu za bure za simu za kupimia noti, zile wapiga gitaa wanatumia, ziwashe uimbe uone uko wapi. A ni 440, kuanzia hapo utahesabu.

#5 TichaWaKisauni
Shukran mzee na fundi. Nimepima sasa hivi, kumbe mimi naanzia hapo kwenye 110 na kitu. Sasa hiyo sauti nyembamba, watoto si watacheka?

#6 Mzee_wa_Kwaya
Watacheka siku ya kwanza. Siku ya pili wataimba.

#7 MwalimuMstaafu_Likoni
Wanangu hamjambo. Nimesoma nikasema hapana, hii okteva imebebeshwa mzigo usio wake. Mimi nimefundisha madarasa ya chini miaka 31, na mwalimu aliyenishinda kwa nyimbo alikuwa mwanamume mwenye sauti nzito kama ngoma ya msondo. Watoto wake walikuwa wakiimba mpaka tunasimama veranda kusikiliza. Na hao watoto wetu, si wanaimba na baba zao nyumbani, si wanaitikia msikitini na kanisani? Mtoto anaweza kuihamisha sauti juu mwenyewe bila kuambiwa, mradi amepewa nafasi ya KUSIKIA kabla ya kuambiwa aimbe.

Soma tena #1. Ameandika ubaoni, ameimba mara moja, amesema haya nyinyi. Mtoto wa Gredi ya 2 bado anapambana na kusoma, ubongo wote uko kwenye herufi, wimbo atauweka wapi? Futa ubao baba.

Mimi nilikuwa nafanya hivi. Siku ya kwanza hawaimbi. Naimba mimi wimbo mzima, lakini kabla ya kuimba nawapa kitu cha kutafuta, mathalan "sikilizeni, ni nani ametajwa?" Wananijibu. Naimba tena, "sikilizeni, ni neno gani limerudi mara mbili?" Wananijibu. Naimba mara ya tatu wanapiga kofi za vidole viwili kwenye kiganja, polepole, wasije wakanifunika sauti. Wimbo sasa wameshausikia mara tatu na hawajachoka maanake kila mara walikuwa na kazi. Ndipo namega kipande kimoja, nakiimba, nawanyooshea mkono, wanakirudisha. Na wakikirudisha MIMI NANYAMAZA. Hili walimu wengi hawaliwezi, wanaimba pamoja na watoto kwa nguvu, matokeo yake hawawasikii na hawajui nani amepotea. Kipande kikikosewa narudia hicho hicho, sirudi mwanzo. Halafu vipande viwili pamoja. Halafu ule mchezo wanaoupenda kuliko yote, nikishika kifua wanauimba mstari moyoni bila sauti, nikifungua mkono sauti inatoka. Ukiona darasa la watoto 50 limenyamaza mstari mzima halafu likaibuka pamoja kwenye neno moja, ujue wimbo umeingia.

Lingine la mwisho, kuanza. Usiseme "haya moja mbili tatu" kwa sauti ya kuamrisha halafu uanze kuimba. Hiyo "moja, mbili, haya" iimbe, kwa noti ile ile utakayoanzia na kwa mwendo ule ule. Mtoto ameshapata noti na mwendo kabla wimbo haujaanza.

#8 BintiMwembeTayari
Mwalimu #7 Mungu akupe umri. Naihifadhi hii.

#9 DerevaWaChangamwe
Mimi si mwalimu lakini hiyo ya kuimba moyoni tulifanyiwa darasa la pili na mpaka leo nikipiga foleni Kibarani naufanya pekeangu. Nyimbo za darasa la pili hazitoki kichwani, hesabu zake zishatoka zote.

#10 MwanaKibokoni
Yakhe TichaWaKisauni, hebu tuwekee maneno ya huo wimbo. Nina shaka na kitu kingine kabisa.

#11 TichaWaKisauni
Nilitoa mahadhi kwenye video ya Kiingereza, maneno nikafasiri mwenyewe. Mstari wa kwanza "Tunaosha mikono yetu na sabuni".

#12 MwanaKibokoni
Nilijua. Sasa uimbe polepole usikilize mkazo unaangukia wapi. Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, tunaOsha, miKOno, saBUni. Mahadhi ya Kiingereza mara nyingi huishia kwenye pigo zito kwa sababu maneno yao mengi ni ya silabi moja. Ukiyavisha Kiswahili unapata tunaoSHA mikoNO yeTU na sabuNI. Mtoto wa Kisauni anayesema Kiswahili tangu kuzaliwa anasikia lugha yake imepinduliwa, ulimi unakataa. Hangurumi kwa ajili ya okteva, ananguruma kwa sababu hajui aseme neno ama aimbe noti. Nyimbo nyingi za kidini zilizofasiriwa zina ugonjwa huu huu, tumezizoea tu.

Kwani sisi tuna uhaba wa mizani? Utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani minane, yaani silabi nane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne ndicho bahari, kina kinachorudi utenzi mzima. Mtoto wa mwambao ameusikia utenzi ukighaniwa kabla hajaota meno. Ukitaka ya mikono, hii nimeitunga sasa hivi nikinywa chai:

Mikono tuiosheni
Sabuni tuipakeni
Vidole tusugueni
Tule tukiwa salama

Hesabu, minane minane. Tia mahadhi yoyote ya utenzi unayoyajua, yatakaa.

#13 DerevaWaChangamwe
Malenga! Chai ya kikombe kimoja imetoa utenzi, na ile ya pili tutapata diwani.

#14 Mzee_wa_Kwaya
MwanaKibokoni umesema kweli nusu. Mahadhi ya kigeni si sumu. Marehemu Juma Bhalo hapa hapa Mombasa aliimba kwa mahadhi ya Kihindi, mashairi ni ya Kimvita, na hakuna aliyenguruma. Watu walilia.

#15 MwanaKibokoni
Mzee nakubali, lakini waliomtungia walikuwa malenga, akina Ahmad Nassir, watu wa kupima neno kwa sikio. Hawakufasiri, walitunga upya juu ya mahadhi. Hapo ndipo tofauti ilipo. Ticha atunge upya, asifasiri.

#16 Noti_Saba
Nimechelewa. Mimi nafundisha muziki shule ya sekondari, wanakuja kwangu wakiwa wameshaharibika masikio kwa hiyo uzi huu unanihusu.

Nataka kuwapatanisha #3 na #7. Okteva ni kweli, na nafasi ya kusikia ni kweli. Lakini hamjazungumzia noti ya kuanzia. Mtoto wa miaka 6 hadi 8 sauti yake inakaa raha takriban kati ya hiyo D aliyoisema fundi na A iliyo juu yake. Ni uwanja mdogo sana, noti tano tu. Walimu wengi, wanaume KWA WANAWAKE, wanaanzia chini mno kwa sababu wao wamechoka na asubuhi koo ni zito. Wimbo ukianzia chini, kwenye mstari wa tatu unashuka zaidi, mtoto anahama kutoka kuimba kwenda kusema. Mwenzake ticha huenda hakufanya muujiza wowote, alianzia juu tu.

Nyimbo za kwanza ziwe na noti chache. So na mi peke yake zinatosha. Huo mruko wa kushuka kutoka so hadi mi ndio ule watoto wanauimba wenyewe wakiitana ama wakizomeana uwanjani, hakuna aliyewafundisha. Ongeza la, halafu do na re baadaye. Fa na ti zisubiri.

#17 Mzee_wa_Kwaya
Hapo sasa tumefika kwenye solfa, kuimba kwa majina ya do re mi. Ticha jifunze na zile ishara za mikono alizovumbua Kodály, mtunzi wa muziki wa Hungaria, ngumi ni do, kiganja kikilala ni mi, kiganja kikikutazama ni so. Mtoto asiyejua kusoma anaimba kwa kuangalia mkono.

#18 Noti_Saba
Mzee wangu kwa heshima, ishara si za Kodály. Ni za John Curwen, mhubiri wa Uingereza wa karne ya 19. Kodály na wanafunzi wake walizichukua, wakapanga kila ishara na kimo chake, do usawa wa kiuno na kupanda juu. Hata solfa yenyewe Curwen aliichukua kwa mwalimu mmoja mwanamke wa mji wa Norwich, Sarah Glover, aliyekuwa anatafuta njia rahisi ya kufundisha watoto waimbe kanisani. Curwen akaitengeneza na kuieneza, wamisheni wakaileta Afrika, ndio maana kwaya zetu zinasoma d r m mpaka leo.

#19 Mzee_wa_Kwaya
Nimerekebishwa, asante. Nimefundisha miaka yote hiyo nikimpa sifa asiye mwenyewe.

#20 Fundi_Spika
Na huyo Glover naye hakuanza. Majina ya noti ni ya Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia karne ya 11. Yeye do alikuwa anaiita ut.

#21 BintiMwembeTayari
Ut re mi 😂 bora walibadilisha.

#22 Chivoti77
Nimesoma Hungaria, Norwich, Italia, nimesubiri nione Kwale sijaona. Jamani. Mtoto wa Kidigo ana filimbi ya chivoti, ana bung'o, ana ngoma ya sengenya, ana kayamba, halafu mnamfundisha muziki kwa mikono ya mhubiri wa Uingereza?

Ticha anza na kayamba. Na nikisema kayamba sisemi chupa ya maji imetiwa kunde, maana najua ndio mnayofanya huko madarasani mnaita kayamba. Kayamba ni matete yamelazwa na kufungwa bapa, katikati mbegu kavu. Unalishika kwa mikono miwili bapa mbele ya kifua, unalilaza kushoto unalilaza kulia mbegu zinateleza pamoja, shhh-ka, shhh-ka, na kidole gumba kinagonga kwenye matete hapo katikati kikitaka kukoleza. Mpe mtoto alishike dakika mbili tu. Atajua mwendo ni nini bila kuelezwa, maana likilazwa mapema mbegu zinagongana vibaya anasikia mwenyewe. Mwendo ukishaingia mwilini sauti inafuata. Nyinyi mnaanza na koo, mimi nasema anzeni na mikono na miguu.

#23 MwalimuMstaafu_Likoni
Chivoti77 umenikumbusha. Mwaka mmoja nilimwalika mzee wa jirani aje na kayamba lake, mzee hajui Kiingereza wala hajui "lengo la somo". Alikaa kwenye kiti, akapiga, hakusema neno. Baada ya muda nusu ya darasa walikuwa wanayumba bila kujijua. Lakini na chupa ya kunde usiidharau mwanangu. Kayamba moja kwa watoto 58 ni foleni, chupa 58 ni darasa.

#24 Chivoti77
Sawa mama, chupa nimezikubali, ila waambiwe ni njuga za chupa, wasiambiwe ni kayamba.

#25 MzaziBamburi
Samahani nachomekea. Mwanangu yuko gredi ya 4 wameambiwa wanunue filimbi ile ya plastiki, rekoda. Nimenunua mjini, ticha kasema si yenyewe, nyingine pale darasani zinatoa noti tofauti. Rekoda si rekoda?

#26 Noti_Saba
Geuza nyuma, angalia karibu na tundu la kidole gumba. Kuna herufi G ama B. G ni mfumo wa Kijerumani, B ni wa Baroki. Kama haina herufi angalia tundu za mbele, ya nne na ya tano kutoka juu. Ya nne ikiwa kubwa kuliko ya tano ni ya Kijerumani, ya tano ikiwa kubwa ni Baroki. Tofauti inatokea kwenye F, vidole vinawekwa vingine, kwa hiyo darasa likichanganya mbili wimbo ukifika F wanaachana. Ya Kijerumani F yake ni rahisi lakini baadaye F# inasumbua. Kwa sasa usitupe uliyonunua, noti za kuanzia B, A na G ni sawa kwa zote mbili. Na mwambie apulize kama anapoza uji, akipuliza kwa nguvu inapiga yowe.

#27 MzaziBamburi
Ina G. Ahsante sana. Hiyo ya yowe nyumba nzima tunaijua.

#28 MzaziMajengo
Mimi naomba niseme kwa uwazi na sitaki ugomvi. Mtoto wangu yuko gredi ya 2, si kwa huyu ticha, na nilimwandikia mwalimu wake kwamba sitaki ashike ala za muziki. Kuimba mambo ya usafi sina neno. Ala ndio dini yangu inanikataza kwa nilivyofundishwa. Mwalimu alimtoa nje akakaa peke yake chini ya mti kipindi kizima, mtoto akarudi analia. Ticha ukiwa na watoto kama hawa utafanyaje? Maana Mombasa hii utakuwa nao, si mmoja wala wawili.

#29 Ustadhi_Majengo
Nimeguswa na hili. Katika suala la ala wanazuoni wametofautiana tangu zamani, sitalimaliza mimi hapa. Lakini hakuna aliyesema mtoto akalishwe peke yake nje. Ticha, madrasa zote unazozijua watoto wanasoma kasida, kwa sauti tupu, na wengi wanaruhusu dufu. Sauti, kofi na dufu zinatosha kufundisha mwendo, kupanda na kushuka, kupokezana, kuanza pamoja na kukoma pamoja. Mwite mzazi mapema, kabla ya kipindi si baada ya mtoto kulia, umuulize mpaka wake uko wapi. Mwingine atakwambia dufu sawa, mwingine atakwambia kofi tu. Huyo wa kofi mpe kazi ya kushika pigo la darasa zima. Hatakuwa amekosa kitu.

Na kwa faida yako, mtoto aliyepita madrasa ana sikio. Mmoja anaanza, wote wanapokea, na mwalimu mwenyewe huwa ni mwanamume mwenye sauti nzito. Hapo sijui nadharia ya okteva itajibu nini.

#30 Mzee_wa_Kwaya
Itajibu kwamba huanza mtoto mkubwa, si maalim 🙂 Nilisema tangu #3.

#31 Ustadhi_Majengo
Kwetu anaanza maalim. Karibu uje usikie.

#32 DerevaWaChangamwe
Tukiwa hapo hapo kwenye nyimbo za watoto. Kila asubuhi ya gwaride napita shule nasikia wimbo wa taifa unavutwa kama kamba ya jahazi. Ndio nikawaza, wimbo wenyewe umetungwa na Mzungu, labda ndio ile shida ya MwanaKibokoni ya mkazo.

#33 Chivoti77
Dereva!! Wimbo wa taifa umetoka pwani hii hii. Mahadhi yake ni ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, kule Mto Tana. Aliyeutoa ni Mzee Meza Galana.

#34 Noti_Saba
Sahihi. Mwaka 1963 iliundwa kamati ya watu watano kutengeneza wimbo wa taifa, Graham Hyslop ndiye Mzungu pekee, wengine ni George Senoga-Zake, Washington Omondi, Peter Kibukosya na Thomas Kalume. Walichukua mahadhi ya Kipokomo wakayapanga. Kwa hiyo dereva umepata mtu mmoja kati ya watano, na mahadhi hukupata.

#35 DerevaWaChangamwe
Nimekoma. Yaani nchi nzima inasimama wima kwa bembea ya mtoto. Nimeipenda hiyo.

#36 MwanaKibokoni
Vitabu vya shule vinaita bembelezi, wengine pembejezi, nyumbani kwetu ni bembea. Lakini dereva amefungua mlango. Ticha, wape watoto kazi moja ya nyumbani, kila mmoja amuombe nyanyake ama mamake wimbo mmoja aliobembelezewa. Watoto 58, ukipata hata nyimbo 15 tofauti una vipindi vya muhula mzima, Kidigo, Kigiriama, Kikamba, Kiluo, Kiswahili, na mkazo wa kila lugha umekaa mahali pake.

#37 MwalimuMstaafu_Likoni
Na bembea haina kelele. Mtoto hapigi kelele kumlaza mtu. Huo ndio ufunguo wa wale wanaotoa mishipa ya shingo, usiwaambie "msipige kelele", waambie wamlaze mwanasesere.

#38 Fundi_Spika
Hilo la kelele nilitaka kulisema. Darasa la mabati, saruji chini, watoto 58, hakuna pazia. Sauti inarudi kutoka kila ukuta. Kila mtoto hajisikii mwenyewe kwa hiyo anaongeza, jirani yake anaongeza. Hata waimbaji wakubwa wasipojisikia jukwaani wanapiga kelele, ndio tunawawekea spika za kuwatazama. Labda tatizo lote ni chumba.

#39 Noti_Saba
Na mwenzake aliimba chumba gani? Si hicho hicho?

#40 Fundi_Spika
Hapo umenibana.

#41 BintiMwembeTayari
Mimi bado nasema uoga. Mnasema hezi na matete lakini hakuna aliyemuuliza ticha alikuwa na uso gani. Mimi nikifanya mazoezi ya ualimu supavaiza akiingia naimba kama naomba msamaha, na watoto wanaimba hivyo hivyo. Wanaiga mwili mzima si noti peke yake.

Na kosa si letu peke yetu. Hatukufundishwa. KCPE ya zamani, ule mtihani wa darasa la nane, ilikuwa na maswali ya muziki, yalipoondolewa kipindi kikabaki kwenye ratiba tu, tukawa tunafanyia hesabu. Mimi muziki darasani sikuwahi kuuona, leo mtaala wa CBC unaniambia nifundishe. Utachota kwenye mtungi gani?

#42 MwalimuMstaafu_Likoni
Mwanangu hili umelisema kwa uchungu na ni kweli. Ila mtungi uko nyumbani, MwanaKibokoni ameshauonyesha.

#43 TichaWaKisauni
Wakuu nimerudi. Nilikuwa nasoma kila kitu usiku, sikutaka kujibu mpaka nifanye. Leo nimefanya.

Nimefuta ubao. Nimewatoa nje chini ya mwarobaini. Nimetumia utenzi wa MwanaKibokoni kwa mahadhi aliyokuwa akiyaghani nyanyangu. Nimepima noti kwenye simu nikaanzia D, ile sauti nyembamba, na ndiyo, walicheka, mzee alisema kweli, wakacheka kama nusu dakika nikawaacha wamalize. Nikaimba mara tatu nikiwapa cha kutafuta, "tunasugua nini baada ya sabuni?" Halafu nikamega.

Kuna mtoto mmoja, msichana, anakaa dirishani, tangu Januari sijasikia sauti yake zaidi ya "ndiyo mwalimu". Nilipoulizia nani ataanza kipande cha kwanza, aliinua mkono mpaka begani tu, kama hakutaka niuone. Nikampa. Akaanza. Noti ile ile niliyokuwa nayo kwenye simu, haikutikisika hata kidogo. Na darasa zima likaja nyuma yake, mikono inasuguana bila kuambiwa, "vidole tusugueni", hata ule mstari wa mwisho ukashuka vizuri wote pamoja. Waliokuwa wakinguruma wamebaki kama wanne. Mmoja wa hao wanne bado anaimba kama anasoma, lakini anaimba.

Mwenzangu wa Gredi ya 3 alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu, amenipa chaki.

Asanteni sana, kwa kweli.

#44 Mzee_wa_Kwaya
Okteva. Mtoto alianza, darasa likafuata. Nilisema.

#45 MwanaKibokoni
Maneno yalikaa, mzee. Angeanza na "tunaoSHA" angeona.

#46 MwalimuMstaafu_Likoni
Alisikilizwa kwanza huyo mtoto. Nimefurahi mpaka nimemsomea mume wangu.

#47 Chivoti77
Mikono ilikuwa inasuguana, yaani mwili ulianza. Nimenyamaza.

#48 Fundi_Spika
Ticha hongera lakini umetuvuruga. Umebadilisha noti, maneno, njia, mahali na aliyeanza, vyote siku moja, kwa hiyo kila mtu humu atasema ni chake. Fanya hivi, chukua ule wimbo wako wa zamani wa kufasiri, mahali pale pale chini ya mti, ubadilishe noti ya kuanzia peke yake. Tuone.

#49 TichaWaKisauni
Sawa fundi. Jumatatu nina kipindi cha saa tano. Nitaanza na ule wa zamani kwa D, nitawaletea majibu.

#50 MwalimuMstaafu_Likoni
Usiuandike ubaoni tu.